Shungi na Wembe

Mtoto wa pwani hukutana na wembe kabla hajajua jina lake. Siku ya saba, akifanyiwa akika, hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na penye uwezo nywele hizo hupimwa na fedha ya uzani wake ikatolewa sadaka. Akikua na kujaaliwa kwenda Makka, wembe humngoja tena mwishoni mwa ibada ya Hija, anapotoka katika ihramu kwa kunyoa au kupunguza. Baina ya nyembe hizo mbili kuna nyingine nyingi: wembe wa kinyozi wa barazani, wa mama mkesha wa sikukuu, wa mke kwa mumewe. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, aliweka kumnyoa mume na kumtengeneza ndevu miongoni mwa huduma za mapenzi, sambamba na kumfukiza udi. Haishangazi, basi, kwamba hekima ya wenyeji kuhusu balaa linalomkaribia mtu imechukua sura ya kinyozi: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwa jamii iliyozoeana na wembe kiasi hicho, kichwa kilichoukataa huleta wasiwasi. Kiswahili kina neno timutimu kwa nywele zisizochanwa, na neno hilo aghalabu hufuatana na dhana ya uchafu, ya wazimu, au ya msiba mkubwa uliomfanya mtu ajisahau. Washairi wa mapenzi nao wamezisifu sana nywele za singa, zilizolala na kuteremka. Ndiyo maana vijana walipoanza kuonekana katika fukwe za Unguja, Lamu, Malindi na Diani wakiwa na nywele zilizosokotana hadi mabegani, wazee wengi waliwatazama kwa jicho la shaka, na hukumu ikatoka upesi: hawa ni wahuni waliotupa mila zao ili wawapendeze watalii.

Vijana wenyewe huziita nywele hizo dredi au rasta. Katika makala haya zitaitwa mashungi, kwa neno la zamani la pwani. Historia yake ni ndefu kuliko ufukwe na nzito kuliko biashara ya utalii, na anayeifuata kutoka nchi hadi nchi huona jambo moja likijirudia. Maana ya shungi haikamiliki linapoota. Hukamilika siku wembe unapofika, na swali kubwa siku hiyo ni mkono gani ulioushika.

Kwanza yafaa kujua shungi ni kitu gani, kwa kuwa hukumu nyingi juu yake zimejengwa juu ya kutolijua. Kila kichwa cha binadamu hudondosha nywele kila siku, kwa kawaida baina ya 50 na 100, ilhali zilizobaki huendelea kurefuka kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi. Anayechana huziondoa zilizokatika kwa kitana. Asiyechana huziacha pale pale, nazo hujizungusha katika zile zilizo hai. Na nywele zenye mviringo wa asili, kama zilivyo za Waafrika wengi, hushikana kwa wepesi zaidi. Baada ya miezi kadhaa fundo huwa uzi, na uzi ukawa kamba. Kwa hiyo katika shungi la miaka kumi mna nywele za miaka hiyo yote, zilizokwisha kung'oka pamoja na zile ambazo bado zina mizizi.

Wapo wanaoliacha shungi lijifunge lenyewe, na wapo wanaokwenda kwa msusi. Msusi hugawa kichwa katika viwanja vidogo vidogo, kisha akausokota kila mgao kwa viganja au kwa kitana chembamba, akitumia utomvu wa mshubiri ili nywele zitulie. Wengine hutumia sindano ya kufumia kuzirudisha ndani nywele zilizochomoza. Nta ya nyuki, iliyopendwa sana zamani, wengi wameiacha kwa sababu hunasa vumbi na haikubali kutoka kwa maji. Kila baada ya wiki nne hadi sita, nywele mpya zikiota, shina husokotwa upya. Hapo ndipo penye hatari, kwani kusokota kwa kukaza mno, tena mara kwa mara, hung'oa nywele za panja na za kipajini, na ngozi iliyovutwa hivyo kwa miaka mingi huenda isiote nywele tena.

Dhana kwamba mashungi hayaoshwi ni kinyume cha ukweli. Huoshwa, na kuoshwa kwake kuna kazi kuliko kichwa kilichonyolewa. Sabuni isiposuuzwa vyema huganda ndani. Shungi likifungiwa kofia likiwa bado bichi hutoa harufu na huweza kuota ukungu. Kwa sababu hiyo wenye kujua huosha asubuhi ya siku ya jua, wakakamua kwa taulo shungi moja moja, wakaacha upepo umalize kazi. Mafuta ya nazi hupakwa kidogo, kwa ncha za vidole, kwenye ngozi ya kichwa, maana yakizidi nayo hunasa uchafu. Maji ya bahari hukausha nywele na kuzifanya zishikane upesi, ndiyo sababu mashungi ya vijana wa ufukweni hukomaa mapema. Lakini chumvi isiposuuzwa kwa maji ya kisima, nywele hukatika. Usiku hufungwa kitambaa laini ili mto usizichubue. Haya yote ni kazi ya mtu anayejitunza, na aliyejisahau hawezi kuyafanya.

Kwa Mwislamu liko jambo jingine, nalo ni josho. Swali la kama maji hufika panapotakiwa ni la zamani mno. Bibi Umm Salama, mke wa Mtume (S.A.W.), alimwuliza Mtume kama ni lazima aifungue misuko yake iliyokazwa anapooga janaba, akajibiwa kwamba yatosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Wanazuoni walijenga juu ya jibu hilo mjadala mpana: wako walioshikilia kwamba maji lazima yafike kwenye shina la kila unywele, na wako waliotofautisha josho la janaba na lile la hedhi. Kijana mwenye mashungi anayesimama mbele ya birika msikitini ameingia katika mazungumzo yaliyomtangulia kwa zaidi ya karne kumi na tatu.

Mtume mwenyewe, kwa mapokezi ya Umm Hani, alionekana Makka akiwa na misuko minne. Tena katika Hija ya Kuaga alizigandisha nywele zake kwa kitu cha kunata ili zisitimke wakati wa ihramu, kitendo ambacho kwa Kiarabu huitwa talbidi. Na ibada ilipofikia mahali pake, akanyoa. Ni kweli kwamba kugandisha nywele kwa siku chache si sawa na kuziacha kwa miaka. Hata hivyo umbo la tendo linastahili kuangaliwa: mtu amejifunga kwa nia, nywele zimekaa pamoja kwa muda wa nia hiyo, nia imetimia, na wembe umekuja kama hitimisho lililoridhiwa.

Umbo hilo hilo limo katika vitabu vya kale vya Wayahudi na Wakristo. Katika Kitabu cha Hesabu mna sheria ya mnadhiri, mtu aliyejitenga kwa ajili ya Mungu: wembe haupiti kichwani pake siku zote za nadhiri yake, na siku zikitimia hunyoa mbele ya mlango wa hema na nywele zake huwekwa motoni pamoja na sadaka. Samsoni alikuwa mnadhiri tangu tumboni. Kisa chake huwaumiza wasomaji kwa sababu wembe ulimjia usingizini, kwa hila na kwa fedha, kabla siku zake hazijatimia. Nywele zilikuwa zile zile na wembe ulikuwa wembe. Kilichobadilika ni idhini.

Mifano ya namna hii imetapakaa. Nchini Uhabeshi wako watawa wa jangwani waitwao bahtawi, ambao nywele zao husokotana kwa miaka ya upweke na kufunga. Nchini India wachaji wa Shiva huacha nywele zao zikawa mashungi marefu, wakayazungusha juu ya kichwa kama kilemba. Nchini Senegal wamo Waislamu waitwao Baye Fall, wafuasi wa Sheikh Ibra Fall (aliyefariki 1930), mwanafunzi wa Sheikh Amadou Bamba. Mashungi yao, pamoja na kanzu za viraka, ni alama ya kumtumikia sheikh kwa jasho la mwili. Na karibu zaidi na pwani yetu, morani wa Kimasai hurefusha nywele zake, akazisokota nyembamba nyembamba na kuzipaka ngeu na mafuta. Ndizo fahari ya ujana wake. Siku ya sherehe ya eunoto, anapouaga umorani na kuanza safari ya uzee, hukaa chini na mama yake humnyoa. Morani wengi hulia. Wembe wa siku hiyo humpandisha daraja, na mkono unaoushika ni ule uliomlea.

Katika nchi hiyo hiyo ya Kenya, mashungi yaliingia katika historia ya dunia kwa mlango wa vita. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Msituni hamkuwa na kinyozi, na nadhiri ya kutorudi nyumbani mpaka ardhi irudi iliwafanya wengi wasiwe na haja naye. Nywele zikasokotana zenyewe kwa mvua, baridi na moshi wa mianzi. Waingereza wakazifanya alama ya kumtambua adui, hata wakaunda vikosi vya kujifanya Mau Mau, ambamo maofisa wa kizungu walijipaka rangi nyeusi na kuvaa nywele za bandia ili wawakaribie wapiganaji gizani. Serikali iliyoyaita mashungi ushenzi ilijikuta ikiyavalisha maofisa wake.

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Picha iliyosambazwa ilimwonyesha amelala, mikono imefungwa pingu, mashungi yamezunguka uso. Iliyakusudiwa kuwaonyesha watu kwamba vita vimekwisha na kwamba kiongozi wao alikuwa mnyama wa porini. Alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Lakini picha haikutii amri ya waliyoipiga. Watu waliyaona yale yale mashungi wakasoma ndani yake miaka minne ya kutokamatika.

Upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Jamaika, historia nyingine ilikuwa imeanza. Tarehe 2 Novemba 1930 Ras Tafari Makonnen alitawazwa mjini Addis Ababa kwa jina la Haile Selassie. Baadhi ya maskini wa Jamaika, wajukuu wa watumwa, walimwona mfalme huyo mweusi kuwa utimilifu wa unabii, wakajiita kwa jina lake la kwanza. Leonard Howell, mmoja wa wahubiri wao wa mwanzo, alianzisha mwaka 1940 kijiji cha waumini kiitwacho Pinnacle, ambacho polisi walikivamia mara kadhaa hadi walipokivunja mwaka 1954. Marasta hao wa kwanza, kwa jumla, walichana nywele zao. Walitambulikana zaidi kwa ndevu.

Mashungi yalikujaje? Jamaika ilipokea vibarua kutoka India tangu mwaka 1845, na wako wanaoona nyayo za wachaji wa Shiva katika desturi za Kirasta. Wengine husema picha za wapiganaji wa Kenya magazetini ndizo zilizowafundisha. Barry Chevannes, mwanazuoni wa Jamaika aliyewahoji wazee wa Kirasta, alikiona chanzo katika kundi la vijana wakali lililoundwa mwaka 1949 kwa jina la Youth Black Faith, ambao walitaka kujitenga kabisa na jamii iliyowadharau. Kukataa kitana kulikuwa kukataa mizani ambayo kwayo nywele za Mwafrika zilihukumiwa kuwa mbaya. Kulizuka hata mgawanyiko baina ya nyumba ya waliochana na nyumba ya wasiochana. Neno la Kiingereza lililozaa dredi lina maana ya hofu, nao walilipokea kwa maana mbili: kicho cha mja mbele ya Mola wake, na hofu ambayo kichwa hicho kiliwatia watu wa mjini.

Kwa tarehe hizi, Kenya haiwezi kupewa peke yake ubaba wa mashungi ya Jamaika, kwani kundi lile lilitangulia hali ya hatari kwa miaka mitatu. Lakini picha za Nyandarua zilifika wakati wake. Zilimpa kijana wa Kingston aliyefukuzwa kazini kwa sababu ya kichwa chake ushahidi kwamba kuna Waafrika, tena Afrika yenyewe, wanaobeba kichwa kama hicho kwa ajili ya uhuru. Hivyo nywele zilizosokotana bila kupangwa katika baridi ya msitu zikawa, ng'ambo ya bahari, jambo la imani na kusudi.

Nao wembe uliwafuata huko. Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962. Haukupita mwaka, Aprili 1963, mapambano yalizuka mahali paitwapo Coral Gardens, karibu na Montego Bay, watu wanane wakafa, na serikali ikaamuru msako. Marasta wasiohusika kabisa walikamatwa sehemu mbalimbali za nchi, wakapigwa, wakafungwa, na wengi wakanyolewa kwa nguvu. Waliofanya hivyo hawakuwa wakoloni. Walikuwa polisi weusi wa taifa jipya. Ilichukua miaka 54 mpaka waziri mkuu wa nchi hiyo, Andrew Holness, alipoomba radhi bungeni, Aprili 2017. Wazee waliokuwa bado hai wakati huo walisimulia vipigo, na walisimulia pia nywele, kwa uchungu ule ule.

Kutoka Jamaika mashungi yalirudi Afrika kwa njia ya muziki. Bob Marley (1945–1981) aliimba Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, usiku wa uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Kanda zake zilipigwa katika vinyozi vya Dar es Salaam, katika majahazi na katika vibanda vya kahawa vya Mombasa. Aliyebeba mashungi mashuhuri kuliko yote duniani aliyapoteza mwenyewe miezi michache kabla ya kufa, kwa matibabu ya saratani. Mashabiki wengi hawakuwahi kumwona hivyo, na kanda zikaendelea kuzunguka zikiwa na picha ile ya zamani.

Afrika iliyoyapokea mashungi ilikuwa na serikali zilizopenda vichwa vya raia viwe na umbo moja. Nchini Malawi sheria ya mavazi ya mwaka 1973 ilikataza wanaume kufuga nywele ndefu, na wageni walinyolewa mpakani. Zanzibar ya miaka ya 1970 nayo ilipambana na suruali za bugaluu na nywele ndefu, kwa hoja kwamba mapinduzi hayawezi kusimama juu ya uigaji wa Magharibi. Hoja hiyo haikuwa tupu; watu waliotoka katika kutawaliwa walikuwa na haki ya kujiuliza wanamwiga nani. Ila mara nyingi jibu lilitolewa kwa mkasi barabarani, na aliyekatwa hakuulizwa.

Kenya ndiyo iliyoonyesha mgongano huu kwa uwazi zaidi, tena katika mwaka mmoja. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya Kimathi kunyongwa, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake katikati ya Nairobi: bunduki mkononi, mashungi kichwani, yote kwa shaba. Chama cha Mau Mau chenyewe kilikuwa kimeondolewa marufuku ya kikoloni mwaka 2003 tu. Lakini miezi michache baada ya uzinduzi huo, polisi walikuwa katika mitaa ya mabanda ya Mathare wakiwasaka wafuasi wa Mungiki, kundi lililojinasibu na Mau Mau na ambalo vijana wake wengi walikuwa wamefuga mashungi. Mungiki walikuwa wameua watu na kuwatoza raia kodi za vitisho, na dola ilikuwa na wajibu wa kuwakomesha. Ubaya ni kwamba nywele ziligeuzwa ushahidi. Kijana wa matatu, mchoraji, mwimbaji wa rege, kila mwenye mashungi akawa mshukiwa, na wengi wakajinyoa wenyewe kabla hawajanyolewa. Methali ya wazee wa pwani ilitimia Nairobi neno kwa neno. Mjini palikuwa na kichwa kimoja tu chenye mashungi ambacho polisi walikilinda, nacho kilikuwa cha shaba.

Tangu hapo swali limehamia mahakamani. Zimbabwe ilitangulia: mwaka 1995 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba Rasta aliyehitimu sheria aweza kula kiapo cha uwakili akiwa na mashungi yake. Nchini Afrika Kusini, askari magereza wa kiume wa Pollsmoor, mjini Cape Town, walifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata mashungi. Baadhi yao walikuwa Marasta, na wengine walifuata mwito wa uganga katika mila za Kixhosa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliona kwamba walibaguliwa, na jambo moja lililowasaidia lilikuwa jepesi sana: askari wa kike katika gereza lilo hilo waliruhusiwa kuwa na mashungi, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba usalama ulipungua. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba binti wa Kirasta aliyezuiwa kuingia darasani katika shule ya sekondari ya Nairobi ana haki ya kusoma bila kunyolewa. Mei 2023 Malawi, nchi ya ile sheria ya 1973, ilipata hukumu inayofungua milango ya shule za serikali kwa watoto wenye mashungi.

Katika kesi hizo zote walimu na wakuu wa kazi walikuwa na hoja yao, nayo yafaa isikilizwe: kwamba usawa wa vichwa husaidia nidhamu, na kwamba mtoto wa maskini asiye na pesa za msusi hulindwa na wembe wa wote. Mahakama hazikuupiga marufuku wembe huo. Zilichosema ni kwamba anayetaka kukata kilichofungwa kwa imani lazima aeleze kwa nini, na kwamba mazoea peke yake si maelezo.

Yote haya yaliwahi kukutana katika kichwa cha mwanamke mmoja. Muthoni wa Kirima aliingia msituni akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, akapanda ngazi hadi akawa mwanamke pekee wa Mau Mau mwenye cheo cha jemadari mkuu. Kimathi alimwita Nyina wa Thonjo, mama wa ndege mnana, kwa ustadi wake wa kusuka mipango. Hakutoka msituni mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Wenzake wengi walinyoa wakarudi katika maisha ya kawaida, yeye hakunyoa. Alikuwa akisema kwamba atanyoa atakapoyaona matunda ya uhuru waliyoupigania, na wenzake wangali hawana ardhi. Alizeeka na mashungi ya msituni, akiyafunika kwa kitambaa, akiyaosha na kuyatunza, marais wakija na kuondoka. Aliyemwona sokoni Nyeri bila kumjua angeweza kudhani ni bikizee aliyejisahau.

Aprili 2022, akiwa amepindukia miaka 90, alikubali wembe. Aliyemnyoa ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza na mama wa rais aliyekuwa madarakani siku hiyo. Wakenya waligawanyika. Wengine waliona heshima, mke wa taifa akimhudumia mpiganaji kwa mikono yake. Wengine waliuliza kwa ukali: matunda yameonekana wapi, na je, ni haki kwa mkono wa familia yenye ardhi tele kuikata nadhiri ya mtu aliyepigania ardhi? Swali hilo ni zito na halijafungwa. Hata hivyo katika historia yote hii, ya Samsoni na ya Coral Gardens, ya mlango wa shule na ya barabara za miaka ya sabini, hiki kilikuwa kichwa kilichosubiri kwa takriban miaka 70 na kuchagua chenyewe siku yake na mkono wake.

Muthoni alifariki Septemba 2023. Pale pwani vijana bado wanasuuza chumvi ya bahari katika mashungi yao, wengine kwa imani, wengine kwa pambo, wengine kwa riziki, na mzee anayewatazama kutoka barazani hawezi kujua kwa macho tu nani ni nani. Mila yake mwenyewe inayo njia ya kumjulisha. Kinyozi wa pwani, kabla ya kumnyoa mtu, humkalisha, humtia maji kichwani, na humwuliza anataka zikatweje.